Siyu Katika Historia ya Kisiwa cha Pate: Ngome, Kalamu na Majina

Kisiwa cha Pate, katika visiwa vya Lamu kaskazini mwa pwani ya Kenya, kilikuwa na miji mitatu mikuu iliyotazamana kwa jicho la husuda: Pate yenyewe upande wa kusini-magharibi, Faza upande wa kaskazini-mashariki, na Siyu katikati. Mji wa kwanza uliandikiwa habari zake na wenyewe. Masimulizi ya ukoo wa Wanabahani, yajulikanayo kama Habari za Pate, yalichapishwa na C. H. Stigand mwaka 1913 kutokana na simulizi ya Bwana Kitini, na mwaka 1993 Marina Tolmacheva akayakusanya matoleo yake mbalimbali pamoja. Hata magofu ya Pate yalipata mshairi wake: Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliyatungia Al-Inkishafi, na tangu hapo hapana msomi wa fasihi ya Kiswahili asiyejua kwamba Pate uliwahi kuwa na fahari ikatoweka.

Siyu haukubahatika hivyo. Sehemu kubwa ya habari zake iliandikwa na wale waliokuwa na ugomvi nao: maofisa wa Kireno, watawala wa Pate, mabwana wa Unguja. Ndiyo maana msomaji wa vitabu vya historia ya pwani huukuta mji huu aghalabu ukiwa unaasi, unaadhibiwa au unatekwa. Ni nadra kuukuta ukifanya kazi. Na hali Siyu, pengine kuliko mji wowote wa visiwa hivyo, ulikuwa mji wa kazi: kazi ya mikono na kazi ya kalamu. Makala haya yanakusudia kuusoma mji huo kwa vitu vyake wenyewe, yaani ngome, misahafu, milango, majina ya koo na lahaja, na kuvipima vitu hivyo na yale yaliyosemwa na wageni.

Kwanza ni mahali penyewe. Siyu umekaa mwisho wa hori jembamba lililozungukwa na mikoko. Maji yakijaa, mashua ndogo hufika karibu kabisa na nyumba. Maji yakipwa, hubaki tope tu, na anayekuja kwa chombo kikubwa hana budi kutia nanga mbali. Kwa mfanyabiashara wa mbali hori la namna hii ni kero. Kwa mji usiopenda kutembelewa na merikebu za vita, ni boma lisilogharimu kitu. Hali hii ya maji inaeleza mambo mengi katika historia ya Siyu ambayo waandishi wengine wameyaeleza kwa ukaidi wa wakazi wake.

Mwaka 1606 padri wa Kireno, Gaspar de São Bernardino, alipita kisiwani akautaja Siyu kuwa ndio mji mkubwa kuliko yote ya kisiwa kile. Ushahidi huo ni wa thamani kwa sababu umetoka kwa msafiri asiyekuwa na daawa na mji, na kwa sababu unatukumbusha kwamba mpangilio wa ukubwa tuliouzoea, Pate kwanza na mingine baadaye, haukuwa wa milele. Baada ya miaka thelathini hivi Wareno waliutaja tena, safari hii kwa sauti nyingine. Kufuatia maasi ya Yusuf bin Hasan huko Mombasa mwaka 1631, nahodha mkuu Francisco de Seixas de Cabreira alitumwa kuirudisha pwani katika utii. Juu ya lango la Ngome ya Yesu, Mombasa, lipo hadi leo jiwe lenye maandishi ya Kireno linalotangaza matendo yake. Na miongoni mwa matendo hayo ni adhabu aliyoipa miji ya Pate na Siyu, hata kuzibomoa kuta zake. Maelfu ya wageni hupita chini ya jiwe hilo kila mwaka, wala hawajui kwamba wamepita chini ya ukumbusho wa Siyu. Kuta zenyewe zilibomolewa. Habari ya kubomolewa kwake ndiyo iliyochongwa ikadumu.

Kutoka Siyu kwenda kusini, mwendo mfupi wa miguu hadi ufuo wa bahari, yapo magofu ya Shanga. Mark Horton alichimbua mahali hapo katika miaka ya 1980, na matokeo ya uchimbuzi huo yaligeuza mawazo ya wanahistoria juu ya chanzo cha miji ya Waswahili. Chini ya msikiti wa ijumaa wa mawe ilionekana mifululizo ya misikiti ya zamani zaidi, ya kwanza ikiwa ya miti na udongo, na kabla ya jiwe lolote kuwekwa tayari palikuwa na watu waliosali, waliofua chuma na waliotumia vyungu vya kienyeji. Makazi yalianza katika karne ya 8, na mji ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 15. Habari za Pate zinasimulia kwamba Pate ndio ulioivunja Shanga, na kwamba waliosalimika walikimbilia Siyu. Na katika Siyu uko ukoo wa Washanga unaojinasibisha na mji ule. Hapa masimulizi na jembe la mchimbaji yanaelewana vizuri kuliko ilivyo kawaida.

Lakini jina hilo la Shanga limezaa hadithi nyingine. Kwa muda mrefu imesimuliwa kisiwani kwamba merikebu ya Wachina ilivunjika mwambani karibu na Shanga, na kwamba mabaharia waliookoka walioa na kuzaa Siyu. Katika miaka ya 2000 hadithi hiyo ilivuka bahari. Waandishi wa magazeti walikuja, China ikaadhimisha mwaka 2005 miaka 600 tangu safari ya kwanza ya Zheng He, na tangu 2010 wachimbuzi wa Kenya na China walishirikiana kuitafuta merikebu hiyo chini ya maji ya Lamu. Wapo waliokwenda mbali zaidi wakasema Shanga ni Shanghai.

Hoja ya jina haisimami. Shanga ilikuwa na watu na msikiti miaka mia sita na zaidi kabla ya merikebu za Zheng He kufika Afrika Mashariki, ambako hazikufika ila katika robo ya kwanza ya karne ya 15, wakati Shanga yenyewe ilipokuwa inahamwa. Jina haliwezi kuletwa na mgeni ambaye bado hajazaliwa. Tena kufanana kwa sauti za majina mawili pasipo mpango wa mabadiliko ya sauti unaoweza kuelezwa ni bahati nasibu, si ushahidi. Kwa njia hiyo mtu angeweza kuidai nusu ya miji ya pwani kwa taifa lolote alipendalo. Vipande vya kauri vya China vilivyopatikana Shanga ni vya kweli, lakini vipande vya namna hiyo vimepatikana pwani nzima, na vyafafanuliwa vizuri na biashara ya Bahari ya Hindi iliyopitia mikono mingi. Kama kweli merikebu ilivunjika, hilo ni jambo la wapiga mbizi kulithibitisha, si la wapenda majina.

Jambo hilo hilo lajitokeza katika jina la Wafamau, ukoo mashuhuri uliotoa mashekhe wa Siyu. Wako waliolieleza jina hilo kuwa ni «wafa maji», yaani waliofia baharini, na kulihusisha na wale mabaharia waliovunjikiwa. Maelezo hayo yana mvuto, lakini yanakwama katika fonolojia. Katika lahaja za kaskazini neno maji hutamkwa mai, kama vile mji ulivyo mui, njia ilivyo ndia na jiwe lilivyo iwe. Kwa hiyo tungetazamia Wafamai. Irabu u ya mwisho haina maelezo, na mpaka mtu aieleze, asili hiyo ya jina yafaa ihesabiwe miongoni mwa hekaya zinazobuniwa baada ya jina kuwapo. Kinachoonekana ni kwamba Siyu, mji uliochanganya watu wa asili nyingi, ulihitaji hadithi ya kueleza mchanganyiko huo, na bahari ikatoa hadithi.

Inasikitisha kidogo kuona wino mwingi kiasi hicho umemwagika juu ya merikebu isiyoonekana, ilhali wino uliomwagwa na Wasiyu wenyewe upo, unashikika, na haukupata watafiti ila wachache. Katika karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19 Siyu ulikuwa kituo kikubwa cha elimu ya Kiislamu na cha kunakili vitabu. J. de V. Allen, aliyekuwa mwangalizi wa Makumbusho ya Lamu, aliandika mwaka 1979 juu ya Siyu wa karne hizo mbili, akaonyesha jinsi elimu na ufundi vilivyokaa nyumba moja. Mwaka 2019 Zulfikar Hirji alichapisha uchunguzi wa misahafu mitatu yenye nakshi iliyotoka mikononi mwa waandishi wa Siyu. Kurasa zake za mwanzo zimepambwa kwa wino mweusi na mwekundu na rangi ya manjano. Pembezoni mwa aya yamepangwa maua na duara za kuonyesha mafungu ya kusoma. Na yote haya yameandikwa juu ya karatasi zilizoletwa kutoka ng'ambo. Mmoja wa misahafu hiyo umehifadhiwa katika Makumbusho ya Fowler ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles.

Yafaa kuyaangalia mapambo hayo kwa makini. Duara zile zile, majani yale yale na misuko ile ile iliyo pembezoni mwa msahafu huonekana tena katika chokaa iliyochongwa ya nyumba za mawe za visiwa hivi, na katika miimo ya milango. Mafundi seremala wa Siyu walikuwa na mtindo wao wa mlango, wa kuchonga kwa juu juu na kutia rangi, tofauti na mlango wa Unguja uliochimbwa kwa kina na kujazwa misumari ya shaba. Hivyo haikuwa sanaa ya msomi peke yake. Aliyechora ukurasa na aliyechonga mlango walikuwa na kamusi moja ya nakshi, na haikosi kuwa mara nyingine walikuwa mtu mmoja.

Kitabu chataka jalada, na jalada lataka ngozi. Siyu ulisifika kwa kazi ya ngozi: majalada, mikoba, mikanda na hasa viatu vya makubadhi vilivyovaliwa na waungwana wa visiwa hivyo. Yamkini ngozi nyingi zilitoka bara, kwa wafugaji waliokuwa na biashara na visiwa. Kazi hii ya ngozi ndiyo iliyobaki hai kwa muda mrefu kuliko ya kunakili. Mashine za kupiga chapa za Misri na Bombay zilipoanza kuleta misahafu ya bei nafuu, mnakili hakuwa na la kufanya. Mshona makubadhi aliendelea, kwa maana mguu wa mteja hauna chapa.

Ni mji wa namna hii, wa waandishi, maseremala na washona ngozi, uliosimama dhidi ya Seyyid Said bin Sultan. Baada ya Lamu kumkaribisha Mwomani kufuatia vita vya Shela vya karibu mwaka 1812, na Mombasa ya Wamazrui kuanguka mwaka 1837, Siyu ulibaki kuwa mwiba mkubwa kaskazini. Kiongozi wake alikuwa Sheikh Muhammad Is-haka al-Famau, maarufu kwa jina la Bwana Mataka. Katikati ya miaka ya 1840 Seyyid Said alipeleka jeshi kubwa kisiwani. Jeshi hilo lilishindwa, na amiri wake, Hamad bin Ahmad, akauawa. Mtawala aliyekuwa na merikebu za kufika hadi New York na London alishindwa na mji uliojificha nyuma ya tope na mikoko.

Seyyid Said na Bwana Mataka walikufa mwaka mmoja, 1856. Mapambano yakarithiwa na watoto. Mwaka 1863 Seyyid Majid aliutia Siyu chini ya mamlaka ya Unguja. Muhammad bin Mataka akakamatwa na kufungwa katika Ngome ya Yesu, ngome ile ile yenye jiwe la Cabreira. Ahmad Simba wa ukoo wa Wanabahani, aliyekuwa amejihifadhi Siyu, alihamia bara na kuasisi Witu, mji uliokuja kutiwa chini ya himaya ya Wajerumani mwaka 1885 na ya Waingereza mwaka 1890. Kwa hiyo habari za Witu, ambazo kwa kawaida huandikwa kama sura ya ushindani wa Wazungu, zina mzizi wake mmoja katika hori la Siyu.

Ngome iliyoko kando ya hori ndiyo alama ambayo kila mgeni huonyeshwa. Ina kuta nene za matumbawe na chokaa, ina mizinga, na imekarabatiwa chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Juu ya mjenzi wake kuna kauli mbili. Wenyeji husema ni kazi ya Bwana Mataka, nayo basi ingekuwa ni nadra katika ngome za pwani ya Kenya: iliyojengwa na wananchi kujikinga na mgeni, si na mgeni kuwalinda wananchi wasimtoroke. Wataalamu wengine huinasibisha na Seyyid Said au warithi wake, kwa sababu ya umbo lake. Hoja ya umbo ina udhaifu. Mtindo wa kujenga husafiri kuliko majeshi, na mji uliopigana na Waomani kwa miaka mingi ulikuwa na nafasi ya kutosha ya kujifunza kwao. Zaidi ya hayo, swali lenyewe huulizwa kwa upande wa bwana aliyeamuru. Liulizwapo kwa upande wa fundi, ugomvi hupungua sana: matumbawe ni ya kisiwa, boriti ni za mikoko ya hori lile, na ni vigumu kufikiri kwamba chokaa ilichomwa na mikono ya watu wengine isipokuwa mafundi wa visiwa hivyo.

Kuna ukumbusho mwingine wa nyumba ya Bwana Mataka ambao haukujengwa kwa mawe, na ambao wasomi wa Kiswahili wanaujua vizuri zaidi kuliko ngome, ingawa ni mara chache kuuhusisha na Siyu. Mwana Kupona binti Msham, mtungaji wa utendi unaojulikana kwa jina lake, alikuwa mke wa Bwana Mataka. Alizaliwa Pate akaishia Lamu, na kwa sababu hiyo miji hiyo miwili hugawana sifa yake. Utendi ulitungwa mwaka 1858, miaka miwili baada ya mumewe kufa, kwa ajili ya binti yao Mwana Hashima. Umejadiliwa sana tangu Alice Werner na William Hichens walipoutoa mwaka 1934: wako wanaousoma kama mafunzo ya utii wa mke, na wako wanaosikia ndani yake sauti ya mwanamke mwerevu anayeijua dunia ya wanaume na anayemwonyesha bintiye jinsi ya kupita ndani yake. Lililosahauliwa katika majadiliano hayo ni tarehe na nyumba. Mtungaji alikuwa mjane wa kiongozi wa vita, mgonjwa, akiishi katika mji uliokuwa chini ya adui wa mumewe, na vita vyenyewe vikiwa havijesha. Mama wa hali hiyo anapomfundisha bintiye adabu mbele ya Mungu, mume na watu wenye vyeo, hafundishi mambo ya jikoni tu. Anamfundisha mtoto wa nyumba iliyo hatarini namna ya kusalimika. Usomaji huu hauondoi usomaji mwingine, lakini bila Siyu hauwezekani kabisa.

Baada ya 1863 mji ulipungua. Mashamba ya Wasiyu bara, ng'ambo ya mlango wa bahari, yalitegemea kazi ya watumwa, na utumwa ulipoondolewa kisheria mwaka 1907 mashamba hayo hayakurudi kuwa yalivyokuwa. Misukosuko ya vita vya Shifta kati ya 1963 na 1967 iliwatoa wakulima wengi wa visiwani katika ardhi yao ya bara. Nyumba za mawe zikaanguka, za udongo na makuti zikajengwa pembeni yake. Makaburi yenye kuba yamebaki nje ya mji, na kwa wingi wake na ufundi wake yanatosha kumwonyesha mpita njia kwamba waliozikwa hapo hawakuwa watu wa kijiji kidogo.

Imebaki lahaja. Kisiu kimetajwa katika orodha za lahaja tangu Sacleux alipoandika sarufi yake mwaka 1909 na Stigand kitabu chake cha mabadiliko ya kilahaja mwaka 1915. Na Nurse na Hinnebusch, katika kazi yao kubwa ya 1993 juu ya lugha za Kisabaki, wanakiweka pamoja na lahaja za kaskazini. Lakini kutajwa si kuelezwa. Kiamu kimepata makamusi na maandiko kwa sababu ya ushairi wake, Kitikuu kimevuta wanaisimu kwa sababu ya sauti zake za ajabu, na Kisiu kimewekwa kati yao kana kwamba ni daraja lisilo na mwenyewe. Jambo hili ni hasara, kwa sababu mpaka mmojawapo muhimu wa lahaja za kaskazini hupita katika kisiwa hiki. Msiyu husema mtu. Mtikuu wa Faza husema mchu. Mgeuko huo wa t kuwa ch, unaoshika maneno mengi ya Kitikuu, haukuvuka hadi Siyu, ingawa watu wa miji hii miwili wameoana, wamepigana na wameuziana samaki kwa karne nyingi, na ingawa mtu aliyetoka Siyu baada ya sala ya alfajiri hufika Faza kwa miguu kabla ya jua kuwa kali.